Binti Yangu na Hasira ya Kiboko

Kwa miaka kumi na mitano niliamini, kwa moyo wangu wote na akili yangu yote, kwamba mwanamke mjamzito akikutana uso kwa uso na kiboko, mtoto aliye tumboni huichukua hasira ya yule mnyama. Anazaliwa nayo ikiwa imelala, na akifikisha miaka kumi na minne inaamka. Sikuiokota habari hiyo barabarani. Nilipewa na jirani yangu wa garaji, fundi wa egzosi, mtu aliyeweza kukuambia gari lina ugonjwa gani kwa kulisikia likikohoa avenyu tatu mbali. Mtu wa namna hiyo akikuambia jambo kuhusu kiboko, utambishia na nini?

Na mimi nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Mke wangu alipokuwa na mimba ya miezi saba alikwenda kumsalimia dada yake kule karibu na ziwa, na jioni akarudi nyumbani Buyenzi anahema, kanga imemshuka mabegani, kiatu kimoja hakipo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Kiboko. Ametoka majini, iko barabarani." Kwetu Bujumbura hilo si la kushangaza sana. Viboko hutoka ziwani wakaja kula majani kwenye mitaro ya watu wenye nyumba nzuri, na walinzi wa nyumba hizo hupanda juu ya ukuta wakasubiri wageni washibe. Nilimpa mke wangu maji, na kesho yake asubuhi nikaipeleka habari garajini. Fundi wa egzosi akazima mashine yake ya kuchomelea, akapandisha miwani kwenye paji la uso.

"Alimutazama machoni?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi alimutazama. Kiboko hawezi kumuacha mwenye mimba bila kumutazama. We subiri. Miaka kumi na tatu utakuwa na malaika mu nyumba. Wa kumi na ine utakuja hapa kuniambia."

Nikaichukua hadithi hiyo na kuilea pamoja na mtoto. Mwanzoni kiboko alikuwa wa kawaida. Binti alipoanza kutembea, kiboko alikuwa amefikia ukubwa wa minibasi. Alipoingia darasa la kwanza, kiboko alikuwa na wanawe wawili nyuma yake, na alikuwa amemkimbiza mke wangu kutoka ziwani hadi katikati ya Rohero, mbele ya mabenki, magari ya wakubwa yakisimama kumpisha. Niliisimulia kwenye ndoa, kwenye matanga, kwa wateja waliokuja kunyooshewa milango iliyobonyea. Mke wangu akinisikia alikuwa akiendelea na kazi yake, hasemi kitu. Nilidhani ni hofu bado anayo.

Malaika tulikuwa naye kweli. Alikuwa mtoto wa kuomba ruhusa kabla ya kukohoa. Halafu akafikisha kumi na minne, na wiki ileile, nakuapia, ingawa mke wangu anasema ilikuwa miezi mitano baadaye, alimzaba kibao mtoto wa jirani kwenye bomba la maji kwa sababu ya nani atangulize ndoo. Mwezi uliofuata alimrushia binamu yake mfuniko wa sufuria. Mimi nilisimama mlangoni nikatangaza kwamba kiboko ameamka, na ukweli lazima niuseme, nilitangaza kama mtu ambaye timu yake imefunga. Kesho yake garajini fundi wa egzosi alininyooshea kidole kutoka ng'ambo ya barabara.

Miaka hiyo nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Shule niliiacha nikiwa mdogo, nikairudia nikiwa na mvi, nikitoka garajini mikono nimeiosha kwa petroli kisha kwa sabuni, nikiingia darasani nanuka kama pampu. Mwalimu alifungua madirisha yote mara aliponiona mlangoni. Lakini mwalimu wangu hasa alikuwa binti yangu. Jumapili mchana tulikaa kwenye meza ya kulia, yeye na hesabu zake za shule, mimi na zangu, ambazo zilikuwa zilezile, na yeye ndiye aliyenisahihisha.

Nakumbuka Jumapili moja nilikosea hesabu ileile mara ya tatu. Akaniambia polepole, "Papa, toa kwanza yale ya ndani ya mabano." Alisema kwa upole kabisa. Nikalikamata daftari nikalitupa ukutani, likaigonga saa, saa ikaanguka na kusimama. Halafu nikacheka. Nikasema saa yenyewe ilikuwa na makosa kunizidi, nikamtuma akalete brosheti mbili za nyama, moja yake. Akacheka na yeye. Alipozileta, aliliokota daftari langu, akazilaza kurasa zilizokunjika kwa kiganja, ukurasa mmoja mmoja, na tukaendelea na mabano. Diploma nikaipata. Nilitembea nayo avenyu zote za Buyenzi, hata zile ambako simjui mtu.

Namna yangu ya kulea ilikuwa hiyo. Mimi si mtu mkali, muulize yeyote. Kutwa nzima nacheka. Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari, kazi ya nyundo, na sijawahi kutoboa bodi ya mteja hata moja, kwa sababu nyundo unaipimia. Lakini nyumbani kuna kitu hunipanda kutoka miguuni, na kikifika shingoni mkono umeshakwenda. Muda wake ni wa kupiga chafya. Kikipita kimepita, kinyongo sina, na saa haiishi nimeleta kitu: brosheti, maandazi, soda, ahadi ya viatu. Nilijiona mzazi aliyetimia pande zote, mkali na mkarimu katika mtu mmoja.

Mke wangu alikuwa na namna nyingine, na kuitazama tu ilinichosha. Mtoto akivunja sahani kwa hasira, ni mtoto mwenyewe aliyeokota vipande vyote, akafagia, akaketi akaeleza kilichotokea, na kwa siku tatu kuosha vyombo vya nyumba nzima ilikuwa kazi yake. Kibao hakuna, brosheti hakuna, sauti ya juu hakuna. Siku ya nne ilikuwa imekwisha kweli.

"Usimupige," aliniambia mara nyingi, "na usimununulie."

Nilimjibu kwamba kwa mtoto wa kawaida ingefaa, lakini huyu wetu ana kiboko.

Ikafika mwaka wa darasa la tisa, mwaka wa mtihani wa taifa. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano na alitaka kwenda shule ya wauguzi. Na hakuitaka kidogo tu. Juu ya kitanda chake alibandika karatasi yenye masomo yote, na kila alilokamilisha kulidurusu alilikata kwa wino mwekundu. Asiyefanya mtihani huo anabaki mtaani mwaka mzima, akiwaona wenzake wanapita na sare mpya. Yalikuwa yamebaki masomo mawili ambayo hajayakata, siku niliyoitwa shuleni.

Aliyeniita ni yule mama anayesimamia nidhamu, ambaye wanafunzi wote humwita madamu prefe. Nilivaa shati jeupe. Aliniketisha kwenye benchi fupi la watoto, magoti yakanifika kidevuni.

"Mzee, binti yako amemvunja mwenzake jino. La mbele. Kwa rula ya chuma."

Nikamuuliza kisa.

"Mwenzake alimtania kwamba babake anasoma usiku na popo."

Nikacheka. Ilikuwa nzuri, sikuweza kujizuia. Madamu prefe akasubiri nimalize.

"Na yeye alicheka," akasema. "Baada ya kupiga."

Nikaona ni wakati wa kumweleza kuhusu kiboko. Nilimweleza vizuri, tena kwa ufupi, wale wanawe wawili nikawaacha nje. Alinisikiliza hadi mwisho na kalamu mkononi, na hakuandika hata herufi.

"Hiyo siwezi kuipeleka kwa direkta wa shule," akasema. "Nitakuambia ninachoweza. Majina ya watakaofanya mtihani yanaondoka hapa Jumatatu. Familia ya yule msichana ikiandika kwamba imesamehe, na wewe ukitia sahihi chini kwamba utamchunga, jina lake litaondoka na mengine. Barua isipokuja, direkta amekwisha kusema, anafukuzwa. Ni Alhamisi leo."

Kwetu msamaha hauombwi mikono mitupu. Unakwenda na vinywaji, na sisi Waislamu tunakwenda na soda, kaziye nzima, lile kreti la plastiki lenye chupa zake zote. Na chupa zinafunguliwa palepale, mbele ya macho ya mwenye nyumba, na aliyezileta anaonja wa kwanza. Mtoto wa miaka minne anajua hivyo. Chupa iliyofunguliwa nje haiingii nyumbani kwa mtu, kwa sababu kila mmoja ana shangazi au mjomba ambaye wanasema alikufa kwa kinywaji kilichotiwa sumu, hata kama alikufa kwa malaria.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri tukaondoka, mimi na binti. Mke wangu alitaka kuja. Nikamwambia abaki, mambo ya kuomba radhi yanataka mtu anayejua kuongea. Binti alibeba kaziye kichwani. Jua la saa kumi lilikuwa kali sana, lami inanata kwenye kandambili. Mimi nilitangulia nikisalimia watu. Njia nzima nilikuwa namfundisha maneno ya kusema, bila kugeuka nyuma.

Nyumba ilikuwa avenyu nne kutoka kwetu. Tulimkuta bibi wa yule msichana, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye mkubwa pale. Mjomba mtu, muuza vipuri vya magari, mtu wa mizaha. Na msichana mwenyewe, ameketi karibu na bibi yake, ameficha mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Karibu, bwana diploma," akasema mjomba. "Tuliambiwa unatoka siku hizi hata mchana."

Watu wakacheka na mimi nikacheka. Mambo yalianza vizuri, nakuambia, yalianza vizuri kuliko ndoa nyingi.

Binti yangu akapiga magoti. Hakusema hata neno moja katika yale niliyomfundisha. Alimtazama mwenzake akasema, "Nimekuvunja jino na mi siwezi kulirudisha. Uliposema juu ya papa niliona giza. Sitaki kuwa mutu wa kuona giza. Nisamehe." Kisha akamgeukia bibi, akasema hivyohivyo. Bibi akamwambia inuka, mjukuu wangu, magoti yana kazi nyingine. Akamwagiza mjomba alete karatasi na kalamu. Kalamu ikaja. Niliiona ikiwekwa juu ya meza, karibu na mkono wangu.

"Tunywe kwanza," akasema bibi. "Halafu tuandike."

Mjomba akashika kifunguo, akatoa chupa kwenye kaziye. Ya kwanza ikalia, pss, akanipa, nikaonja. Ya pili ikalia. Ya tatu haikulia. Kifuniko kilitoka kwa kidole tu, na soda ilikuwa imepungua chini ya shingo ya chupa. Mjomba akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Eh, bwana diploma. Jino moja halikutosha, mumekuja kumaliza?"

Ulikuwa mzaha. Najua sasa kama nilivyojua wakati ule kwamba ulikuwa mzaha, kwa sababu bibi mwenyewe alitabasamu. Nikamgeukia binti.

"Nani amefungua?"

"Ni mi, papa," akasema. "Pale kwenye kona, ulipokuwa unaongea na muuza matairi. Jua lilikuwa kali. Nilifungua kwa jino, nikanywa kidogo, halafu nikakumbuka, nikarudisha kifuniko."

Mjomba alikwisha kuanza kucheka, na ninaamini ndani ya dakika moja nyumba nzima ingecheka: mtoto aliyekuja kuomba radhi ya jino, akafungua soda kwa jino. Lakini kile kitu kilikuwa kimeshapanda. Nilimpiga kibao mbele yao wote, kibao cha mkono wa fundi, na kichwa chake kikageuka hadi nikamwona sikio la pili.

Yule msichana mwingine alijificha mgongoni kwa bibi yake.

Na mimi, kama kawaida yangu, kile kitu kilikuwa kimepita. Kinyongo sikuwa nacho. Nikacheka, nikasema, "Haya, yamekwisha, tunywe," nikachukua chupa mpya nikamfungulia binti mwenyewe, nikamwekea mkononi. Akaipokea. Akanitazama, na akacheka kidogo, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunafanya siku zote, mimi na yeye.

Hakuna mwingine aliyecheka. Ndipo yule msichana akasema kutoka mgongoni kwa bibi yake, sauti ikipita kwenye lile pengo:

"Ni hivyohivyo alinifanyia. Alinipiga, halafu akacheka, akanipa andazi lake."

Bibi akaichukua kalamu, akairudishia kifuniko chake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika, hasira naijua, ningeijibu.

"Mutoto ningemusamehe," akasema. "Nilikuwa nimeisha kumusamehe. Lakini barua inasema atachungwa na mzazi wake. Mi ninaweza kuandika hivyo kweli, baba? Na kesho akimutoa mwingine jicho?"

Niliongea. Niliongea sana, mimi ninayejua kuongea. Nilimwambia habari za mtihani, za karatasi yenye wino mwekundu, za shule ya wauguzi, na mwishowe, Mungu anisamehe, za kiboko. Mjomba aliangalia sakafu. Kisha akazirudisha chupa kwenye kaziye, zile zilizojaa, akaibeba mwenyewe mpaka mlangoni na kuiweka chini polepole. Ukirudishiwa vinywaji vyako katika mji huu, hakuna neno la kuongeza. Tulirudi kwa njia ileile. Safari hii kaziye niliibeba mimi, na sikumsalimia mtu.

Jumapili mke wangu alikwenda peke yake kwa yule bibi, akakaa kwa saa mbili. Alirudi akasema wamempokea vizuri na barua hawakuandika. Jumatatu niliwahi shuleni kabla ya mlinzi. Madamu prefe alinionyesha orodha, jina juu ya jina, na mahali la kwetu lingekaa palikuwa na jina la mtu mwingine. Nilijaribu mzaha mmoja. Nikajaribu kulia, nikashindwa. Akaniambia binti anaweza kuomba shule nyingine mwakani, wakimpokea. Nikamshukuru, maana sikujua kingine cha kumfanyia.

Wiki ya mtihani ilipofika, wenzake walipita mbele ya nyumba yetu asubuhi na rula na vikebe vyao vya kalamu. Binti alikuwa chumbani, amegeukia ukuta. Ile karatasi aliibandua mwenyewe, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Mimi nilikaa nyumbani bila kazi yoyote nyumbani. Siku ya kwanza nilimletea brosheti. Nilibisha hodi, nikaiweka kwenye sahani mlangoni, nikarudi baada ya saa moja nikaikuta palepale, baridi. Sikuwa na kitu kingine ninachojua kuleta. Niliketi uani nikaitazama mikono yangu, miwili tu, na sikujua ni upi wa kufanya nini.

Siku ya pili ya mtihani, mke wangu alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikavuta kigoda, nikamwambia yale niliyokuwa nimeyawaza usiku kucha.

"Kuna mzee mmoja kule Kamenge," nikasema. "Wanasema anawasomea dua watu walioguswa na wanyama wa majini. Tumupeleke mutoto."

"Apate nini?"

"Atolewe kiboko."

Akauweka ungo magotini.

"Hakuna kiboko," akasema.

"Namna gani hakuna? We si ulimuona?"

"Mi sikumuona. Watu walipiga kelele, kiboko, kiboko, wakakimbia, na mi nikakimbia nao, kiatu kikatoka. Nyuma sikutazama. Pengine alikuwa ng'ombe wa mutu."

Nikamuuliza mbona hakusema, miaka yote hiyo.

"Ulikuwa unafurahi kuisimulia. Nilijua ni hadithi tu. Sikujua kama unaiamini hivyo, mpaka ulipoipeleka shuleni."

"Sasa hasira ya mutoto inatoka wapi?"

Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Inatoka kwako, baba. Anapiga vile unapiga, na akimaliza anacheka vile unacheka. Amekutazama tangu mudogo. Ni hivyo tu."